Nani Anatikisa Nyumba?

Katika kijitabu kama hiki wengine wanaeleza mila za ndoa, za kilio, za kusimika machifu. Sisi tumechagua jambo ambalo watu hawaliiti mila, ingawa tunalirithi na kulirithisha bila kulifundisha: namna mtu anavyokaa wakati nyumba inatikisika.

Hapa Kolwezi nyumba zinatikisika mara nyingi. Anayeishi Musonoie, Luilu, Kapata au pembeni ya Kasulo hahitaji kuelezwa. Baruti inapasua mwamba mu kariere, ardhi inapiga mara moja kama mtu ameangusha gunia la unga chumba cha pili, madirisha yanalia, vikombe vinagongana ndani ya kabati, vumbi linashuka, halafu kimya. Mama anayesonga bukari anashika sufuria kwa mkono mmoja na kuendelea na habari aliyokuwa akisimulia. Mtoto mchanga haamki. Mgeni akishituka anajibiwa: "Ni kariere tu." Maneno hayo matatu yamekuwa kama salamu ya mji wetu.

Mwaka mmoja (hatutataja mwaka wala shule, maana hatutaki kumwaibisha mtu ila sisi wenyewe) tulikuwa tukifundisha jiografia darasa la nne la sekondari. Somo lilikuwa juu ya mvua za ikweta. Baruti ikalia. Wanafunzi walikuwa 52, na 51 hawakuinua kichwa. Wa 52, msichana ambaye baba yake alikuwa amepata kazi ya udereva hapa na kuhamisha jamaa yake kutoka Goma, alikuwa tayari nje. Hatukuona hata alivyopita. Alisimama katikati ya uwanja, mbali na ukuta, mbali na nyaya za umeme, akitutazama kupitia dirishani kama mtu anayetazama wenzake waliobaki ndani ya nyumba inayoungua.

Darasa likacheka. Na mwalimu naye akacheka. Tunaandika hilo kwa sababu makala hii yote imetoka ndani ya kicheko kile.

Mmoja wa wavulana alipiga kelele: "Weye, rudia! Ni kariere, haiko tetemeko!" Msichana akarudi polepole, akakaa, akafungua daftari lake. Hakulia. Usiku ule ndio sisi tulikosa usingizi, kwa sababu tulikuwa tumefundisha sura ya matetemeko ya ardhi kwa miaka mingi, na mchoro wa Bonde la Ufa tunaweza kuuchora ubaoni macho yamefungwa. Mtu wa kwanza katika darasa letu kutenda yale yaliyoandikwa ndani ya sura ile, sisi tulimcheka.

Kesho yake tulimwomba aeleze. Alikuwa na haya, lakini akasema: "Kwetu ku Goma tunatokaka inje kwanza, njo tunaulizana." Akaeleza kwamba nyumbani kwao kila mtu anajua mahali pa kukutana, kwamba mkubwa anahesabu wadogo, kwamba mtu harudi ndani kufuata simu, kwamba siku nyingine wamelala nje juu ya mikeka. Wenzake wakamuuliza jinsi anavyotofautisha tetemeko la kweli na la uongo. Akasema hakuna la uongo. Wao wakamweleza ujuzi wao: hapa tunaangalia saa. Kama ni saa ya baruti, hakuna neno. Ndipo kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akauliza: "Na kama tetemeko inakuja saa ya baruti?"

Hatukuwa na jibu. Tutajaribu kulitafuta hapa, kwa maana tunaona swali la yule kijana ni la maadili kuliko la jiografia.

Kwanza tuweke mambo ya ardhi mahali pake. Afrika ya Mashariki inapasuka polepole. Ufa mmoja mkubwa unashuka kutoka ziwa Albert, unapita Edward, Kivu, Tanganyika, hadi Rukwa na Malawi. Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie zimejengwa juu ya ufa huo au ubavuni mwake. Sisi tuko mbali nao: kutoka Kolwezi hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa njia ya ndege. Miamba yetu ya shaba ni ya kale, ilikunjwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na kwa sehemu kubwa imetulia. Basi tukisema Kolwezi haiko Goma, tunasema kweli.

Lakini ufa una tawi lingine ambalo watu hulisahau, linalokuja upande wetu kupitia Mweru na Upemba. Lualaba yetu hii, ikishamaliza kuzungusha mashine za Nzilo na Nseke, inateremka moja kwa moja ndani ya bonde la Upemba, pale Bukama na ziwa Kisale. Bonde lile halikuchimbwa na mto. Ni ardhi iliyoshuka, na bado haijamaliza kushuka. Tarehe 11 Septemba 1992 tetemeko lenye ukubwa unaopita 6 lilipiga upande wa Kabalo. Watu 8 walikufa, makumi waliumia, nyumba nyingi zilianguka. Kabalo leo ni jimbo la Tanganyika, lakini wakati ule ilikuwa jimbo moja na sisi, Shaba. Ni kusema kwamba waliokufa pale walikuwa watu wa jimbo letu, na gavana wao alikuwa gavana wetu.

Nani Kolwezi anawakumbuka? Tumewauliza walimu wenzetu, wazee wa kanisa, wastaafu wa Gécamines. Karibu wote wanashangaa. Sisi wenyewe tulikuwa watoto, na tuliijua tarehe ile tukiwa watu wazima, katika kitabu. Kuna sababu, na ni ya uchungu. Mwezi ule Shaba ilikuwa na tetemeko lake lingine: watu walikuwa wakifukuza watu. Likasi ilikuwa imeanza, na Kolwezi ilifuata mwaka 1993. Jamaa za Wakasai zilikuwa zinalala stesheni zikingoja treni. Mahali ambapo jirani anamwondoa jirani ndani ya nyumba, nani atashughulika na nyumba iliyoangushwa na ardhi huko Kabalo? Hatusemi hivyo ili kujitetea. Tunasema ili msomaji aone kwamba watu hukosa uzoefu wa jambo si kwa sababu halikutokea tu. Mara nyingine lilitokea, wakawa wanatazama kwingine.

Na mara nyingine uzoefu unakuwapo, fedha zinakosekana. Watu wa Goma wamezikwa na kuungua vya kutosha kujua. Nyiragongo ilipasuka 1977, ikapasuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji, ikapasuka tena tarehe 22 Mei 2021, na kwa siku nyingi baada ya hapo ardhi ilitetemeka mara mamia hata serikali ikaamuru sehemu ya mji ihame. Wana kituo chao cha kuchunguza volkano tangu 1986. Kule Lwiro, karibu na Bukavu, wataalamu wanapima matetemeko tangu wakati wa Wabelgiji. Hata hivyo, kabla ya mlipuko wa 2021, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha, na kwa miezi vyombo vya Goma vilikosa hata malipo ya intaneti ya kuleta habari kutoka mlimani. Ni kama kumnunulia mzee miwani halafu kumnyima taa.

Linganisha na sisi. Mji wetu unatoa shaba na kobalti inayozungumzwa ulimwengu mzima. Sheria ya madini ya 2018 inaliachia jimbo asilimia 25 ya ushuru wa madini, na miji na sekta asilimia 15. Hatuingii katika mjadala wa zile fedha zinafika au hazifiki, tungehitaji kijitabu kingine, na pengine mwandishi mwingine mwenye roho ngumu kuliko yetu. Tunasema tu: Goma wanakumbuka lakini mfuko ni mtupu, na sisi tuna mfuko lakini hatuna la kukumbuka.

Sasa turudi kwenye mila. Katika inchi hii yetu, awe Mlunda, Msanga, Mluba au Mchokwe, kwenye kilio linakuja swali ambalo halikosi: nani? Mtu hafi hivi hivi. Nani amemla? Wamisionari walitufundisha kulionea haya swali hilo, na walikuwa na haki kwa sehemu, kwa maana limewafukuza bibi wengi nyumbani kwao na kuwatupa watoto barabarani. Shuleni tukafundishwa swali lingine: nini? Virusi gani, mwamba gani, bamba gani la ardhi limesogea. Tetemeko ni mfano mzuri wa swali hilo la pili, kwa kuwa hapo hakuna wa kushitakiwa. Watu wa pwani walikuwa na hadithi ya kale kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, na ng'ombe amesimama juu ya jiwe, na jiwe liko mgongoni mwa samaki. Ng'ombe akichoka anahamishia dunia pembe ya pili, ndipo inatikisika. Hadithi ya busara. Inampa tetemeko mwenyewe, lakini mwenyewe ambaye huwezi kumpeleka mahakamani.

Kwetu Kolwezi mambo yamegeuka. Mtikisiko wetu una mwenyewe kweli, ana geti, ana walinzi, ana ratiba ya kulipua. Njo maana hatuogopi. Mtikisiko wenye mwenyewe unaleta malalamiko, hauleti hofu. Ukuta ukipasuka, mwenye nyumba anapiga picha ya ufa na kwenda kuulizia. Anaambiwa msingi wake ulikuwa mbaya. Yeye anasema ni baruti. Kwa kweli wote wawili wanaweza kuwa wanasema haki, kwa kuwa msingi mbaya na baruti wanafanya kazi pamoja bila kujuana. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini aliyeitunga hakuwa na ufa ambao uko mezani kama ushahidi. Hapa tumeona watu wanaacha ufa miaka mitatu makusudi, wasije wakaambiwa hakukuwa na kitu. Na watoto wanalala chini yake.

Tena, mpaka kati ya mtikisiko wa mtu na mtikisiko wa ardhi si wazi kama tunavyodhani. Jirani zetu wa Zambia na Zimbabwe walijaza ziwa Kariba, na mwaka 1963, ziwa lilipokaribia kujaa, uzito wa maji uliamsha matetemeko, kubwa lao likapita 6. Afrika Kusini, eneo la migodi ya dhahabu ya Orkney, tarehe 5 Agosti 2014 lilitokea tetemeko la 5.5, na mtu mmoja alikufa nyumbani kwake. Na sisi tuna kumbukumbu ya Kamoto: mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini iliporomoka, na Gécamines haikuinuka tena kama zamani. Wala hatujataja Kasulo, ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti ndani ya ua, chini ya vyumba, hata chini ya vitanda. Mama aliye na tundu chini ya sebule, je, nyumba yake ikishuka tuite tetemeko au tuite kazi?

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa yule kijana wa nyuma ni hili: kuangalia saa hakukusaidii. Saa inakuambia nani anapenda kutikisa wakati gani. Haikuambii kama ukuta utabaki umesimama.

Na hapa tunafika kwenye jambo lenyewe. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la 7.0 lilipiga Haiti. Serikali yao ilitaja vifo zaidi ya 200,000. Wengine wanahesabu pungufu, lakini hakuna anayeshuka chini ya makumi elfu. Tarehe 27 Februari mwaka huohuo, Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, lililotoa nguvu karibu mara 500 kuliko lile la Haiti. Chile walikufa kama 500. Hakuna ng'ombe wala bamba la ardhi linaloweza kueleza tofauti hiyo. Chile walikuwa wamepigwa 1960 na tetemeko la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyopimwa duniani, na baada ya hapo walizidi kukaza sheria zao za ujenzi, na zinafuatwa. Port-au-Prince ilibomolewa mara mbili, 1751 na 1770. Kwa muda watu waliogopa mawe wakapenda mbao. Halafu wajukuu wa wajukuu wakasahau, wakamwaga beto nzito juu ya nguzo nyembamba, simenti kidogo na mchanga mwingi. Sisi tunaijua beto hiyo. Iko kwenye avenyu yetu.

Tukumbuke pia Haiti ni nani kwetu. Baada ya uhuru, miaka ya 1960, Kongo ilipokosa walimu, Wahaiti wengi walikuja kufundisha shule zetu. Wazee waliosoma wakati ule bado wanaiga namna yao ya kutamka Kifaransa. Walitufundisha hesabu na historia. Nusu karne baadaye, wafu wa inchi yao wametuandikia somo lingine, na hatujalifungua.

Wafu wale hawakuuawa na ardhi. Waliuawa na kuta. Na ukuta una aliyeuchora, aliyeujenga, aliyepunguza simenti, aliyetia sahihi kwamba ni mzuri, na aliyekaa ndani yake akifundisha bila kuangalia juu. Ni kusema kwamba swali la mababu, nani?, halikuwa la ujinga. Walikosea saa ya kuliuliza. Walingoja kilio, na kwenye kilio swali hilo linatafuta bibi mnyonge wa kubeba lawama. Liulizwe nyumba ikiwa bado imesimama, na halitampata bibi. Litampata fundi, meya, mwenye kariere, prefe, na mwalimu wa jiografia.

Kuna wanaopinga, na hatutaki kuwaruka. Wanasema: mwalimu, unatuletea hofu ya Goma wakati sisi tuna vifo vyetu. Juni 2019 zaidi ya wachimbaji 40 walifukiwa kwa siku moja katika kariere hapa kwetu. Malori yanaua barabarani. Kipindupindu hakijakwisha. Tetemeko ambalo huenda lije mara moja kwa miaka 100, ni jambo la matajiri kulifikiri. Hoja hii ina uzito, na kwa siku nyingi ilitunyamazisha. Mtu ana moyo mmoja, hawezi kuogopa kila kitu.

Lakini tazameni yale ambayo msichana wa Goma alituomba. Mlango unaofunguka. Mahali pa kukutana. Mkubwa anayehesabu wadogo. Kutosimama chini ya ukuta wenye ufa. Hakuna hata moja linalohitaji mashine ya kupima ardhi, na kila moja linafaa moto ukiwaka, mtaro ukiporomoka, waya wa umeme ukianguka juu ya mabati. Bukoba, Tanzania, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9, ambalo wataalamu wanaliita la wastani, liliua watu 17 na kuharibu vibaya shule kongwe ya Ihungo. Ilikuwa Jumamosi mchana. Bukavu na Rusizi, tarehe 3 Februari 2008, ilikuwa Jumapili asubuhi, na upande wa Rwanda kuna waumini waliofia ndani ya kanisa wakati wa ibada. Kalemie, tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la 6.8 lilikuja Jumatatu mchana. Watu wachache walikufa, nyumba nyingi ziliharibika. Siku na saa hatuchagui. Na matetemeko haya matatu yote yalipiga watu wanaosema lugha tunayoandikia, au walio jirani nayo kabisa. Hatuna hata kisingizio cha mkalimani.

Wengine wanasema Mungu atalinda. Atalinde. Waumini wa Rusizi nao walikuwa wanamwomba.

Swali lenyewe la maadili tunaliweka hivi: mtu ambaye hajapata kitu, ana kosa kwa kutojiandaa nacho? Mtoto hana kosa. Wale 51 walifanya walivyolelewa, na kicheko chao kilikuwa cha urafiki zaidi kuliko cha dharau. Mchimbaji anayeamka saa kumi usiku hana kosa, au analo dogo. Lakini mwenye kusoma? Yule ambaye kazi yake ni kujua yaliyowapata wengine? Uzoefu wa mahali haukui wenyewe kama majani. Kila sheria ya ujenzi ya Chile ina makaburi chini yake. Kila desturi ya Goma, kutoka nje, kuhesabu, kukutana, kuna jamaa iliyoilipia. Anapokuja mtu na desturi hiyo mwilini mwake, anatuletea bure kitu ambacho kwao kilinunuliwa kwa gharama hiyo. Kumcheka ni kukataa urithi wa kilio cha watu, kama mtu anayeitwa matangani akajibu, "Huyo hakuwa wa kwetu." Na mila zetu zote, za Lunda hadi za pwani, zinamhukumu vibaya mtu wa namna hiyo. Hata adui yako akifiwa, unakwenda kukaa kidogo.

Kwa hiyo hatudai kwamba Kolwezi iwe na hofu ya Goma. Hofu haihamishwi, na hatuitaki. Mama yule wa bukari aendelee na habari yake. Tunataka tu adabu ya mtu aliyesikia habari za msiba.

Tulifanya nini? Kidogo, na tunaona haya kukitaja. Wiki ile tulilipima darasa letu kwa macho ya msichana yule. Wanafunzi 52, mlango mmoja, na unafunguka kwa ndani. Madirisha manne, yote yana vyuma vizito, kwa ajili ya wezi waliochukua viti mwaka mmoja. Ukuta wa nyuma una ufa unaoingia kalamu. Kwa miaka mingi tuliketisha chini yake wale wanaochelewa, kama adhabu.

Benchi lile tulilihamisha siku hiyohiyo, bila kumuuliza mtu. Kwa mlango tulikwenda kwa prefe. Alitusikiliza, akauliza kama kuna barua yoyote kutoka juu kuhusu matetemeko. Hakukuwa na barua. Akafikiri, akasema mlango ugeuzwe ikiwa wazazi watakubali kulipa bawaba, lakini vyuma vya madirisha vibaki, maana wezi ni wa kila usiku na tetemeko hajaliona. Hatukumlaumu. Tulimwomba dirisha moja tu, lile linaloangalia uwanja, vyuma vyake viwe na bawaba na kufuli, na ufunguo ukae kwa kiongozi wa darasa. Alikubali.

Msichana alikaa nasi mwaka mmoja na nusu, kisha baba yake akahamia Lubumbashi. Baruti ilipolia kwa mara ya kwanza baada ya yeye kuondoka, wengi hawakuinua kichwa. Watatu walisimama, wakaenda mlangoni, wakatazama uwanja, wakarudi kukaa. Kijana yule wa nyuma alikuwa mmoja wao. Mtu mmoja alicheka kidogo, hatukuona ni nani.

Mlango sasa unafunguka kwa nje. Vyuma vya dirisha bado: fundi wa kuchomelea anataka nusu ya malipo kwanza, na kamati ya wazazi inakutana mwisho wa mwezi.